Ndege ya Mianzi na Jina la Mtoto

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni masika ile ambayo mvua ilinyesha siku kumi na moja bila kupumua, palikuwa na mkulima wa kahawa akiitwa Osmundi. Osmundi alipata mtoto mmoja, akawa na jina moja la kumpa, na watu watatu wa kuwashukuru. Hesabu hiyo ilimshinda. Mimi pia imenishinda, ndiyo maana nawaletea ninyi.

Wale watatu nitawataja sasa hivi, msije mkanikata kauli katikati.

Wa kwanza ni Mwalimu Eusebia. Alifundisha sayansi na kazi za mikono miaka thelathini katika shule ya Litowela, akastaafu, akajenga banda la kuku. Kuku hawakuwahi kuliona. Aliweka meza humo, akapanga misumeno midogo, visu, nyuzi na gundi, akaanza kuunda ndege za kurushwa kwa rimoti. Mbavu za mbawa alizichonga kwa mianzi aliyoipasua mwenyewe, vipande vyembamba vya kupinda bila kuvunjika. Mwili aliukata kutoka kwenye yale mapande meupe mepesi yanayowekwa ndani ya maboksi ya televisheni. Mota, betri na rimoti aliletewa na mpwa wake kutoka Dar es Salaam. Ndege yake kubwa ilimchukua miaka miwili, akaiita Mbayuwayu. Mwalimu hakuwa na mume wala mtoto, na waliomuuliza habari hiyo aliwapeleka bandani wakaone.

Wa pili ni Gaudensi, fundi simu wa sokoni. Ukimsalimia mara mbili, hujibu ile ya pili. Kila jioni akifunga kibanda chake alikwenda kwa Mwalimu kutengeneza kilichovunjika, maana ndege za namna ile huvunjika kuliko zinavyoruka. Mwalimu aliunda, Gaudensi aliunga.

Wa tatu ni Hyasinti, kinyozi. Huyu ndiye aliyerusha, kwa sababu macho ya Mwalimu yalikuwa yameingia ukungu, asione kitu kikienda mbali. Mkono wa Hyasinti haukutetemeka hata kidogo. Mdomo wake ndio haukutulia. Alijisifu kwa wateja wake, nao walikubali kila neno, kwani mtu aliyewekewa wembe kichwani atabisha nini?

Kila Jumapili baada ya misa walikutana uwanjani karibu na mto. Mwalimu aliunda, Gaudensi aliunga, Hyasinti akarusha. Osmundi, aliyeishi ng'ambo, alisimama kwenye mibuni yake akitazama, akamwambia mkewe Daria kuwa watu wazima wa Litowela wamerudia utoto. Alicheka kila Jumapili.

Walikuwa na desturi moja bandani, wakiiita salamu. Kabla ndege haijaruka, mrushaji husimama nyuma yake, huigeuza rimoti kushoto, huigeuza kulia, na wenzake hutazama kama mbawa zinaitikia upande ule ule. Ndege isiyoitikia salamu hairuki. Waliishika kama watu wanavyoshika kunawa kabla ya kula.

Basi Jumapili moja palikuwa na wageni wa harusi uwanjani, na Hyasinti hawezi kuona wageni akatulia. Akaipindua Mbayuwayu tumbo juu, akaipitisha chini chini mbele ya bibi harusi, ikajikita ardhini. Bawa likavunjika katikati, nyaya zikakatika. Mwalimu hakumgombeza. Aliokota vipande, akavifungia bandani, akamwambia hataishika ile rimoti tena mpaka aombe radhi. Hyasinti akasema ni upepo. Siku nne zikapita, yeye na upepo wake.

Siku ya tano, alfajiri, Daria akashikwa na uchungu. Ilikuwa mimba ya kwanza. Wakampeleka zahanati ya ng'ambo, na muuguzi, Dada Kolumba, akamwambia Osmundi kuwa dawa ya kuzuia damu imemwishia, afadhali avuke akaichukue kituo cha afya cha Litowela, isije ikahitajika. Osmundi akapanda baiskeli, akavuka daraja la mbao, akapewa kichupa, akakitia mfuko wa shati. Aliporudi mtoni, daraja halikuwapo. Maji yalikuwa yamelibeba, yakapanda hadi mashamba ya mpunga, na kutoka ukingo mmoja hadi mwingine mtu alionekana mdogo kama kunguru. Hakuna aliyethubutu kuyaingia. Barabara ya kuzunguka ni safari ya kutwa.

Simu ikalia. Ni Dada Kolumba. Mtoto amezaliwa, wa kike, mzima. Lakini mama anatoka damu.

"Namkanda tumbo, na nitaendelea kumkanda," alisema. "Ila saa mbili sina, kaka. Pengine hata saa moja na nusu sina."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Osmundi alisimama na dawa mfukoni, na mke wake akifa ng'ambo. Ndipo alipokumbuka kile alichokuwa anakicheka. Akaitupa baiskeli, akakimbia hadi kwa Mwalimu Eusebia, akamwonyesha kichupa, akamweleza.

 Mwalimu alifungua banda, akampigia simu Gaudensi, naye akafika akihema. Gaudensi akatazama lile bawa, akapasua vipande viwili vya mwanzi, akavibana juu na chini ya mvunjiko, akavifunga kwa uzi, akavimiminia gundi, akazungushia plasta ya karatasi. Nyaya alizimenya kwa meno. Nusu saa, bawa likawa bawa. Mwishoni akaipima ndege mkononi ikiwa na kichupa ndani ya kopo lenye pamba, akasema:

"Ni nzito. Haitaibeba dawa."

Mwalimu akachukua msumeno, akaikata Mbayuwayu miguu yake yote, magurudumu na vyuma vyake. Ndege isiyo na miguu haitui, huanguka, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikata kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini sikilizeni. Mwalimu hakumwita Hyasinti. Alisema atarusha mwenyewe. Walishuka mtoni, akashika rimoti, akainua macho. Ng'ambo, mama mkwe wa Osmundi, aliyekwisha pigiwa simu, alikuwa anapunga shuka nyekundu kuonyesha mahali. Mwalimu akatazama, akatazama tena, asiione ile shuka. Hapo ndipo aliposema aitwe kinyozi. Robo saa ilipotea hivyo.

Hyasinti akaja mbio, amemwacha mteja dukani na nusu kichwa. Akaomba radhi kabla hajafika. Mwalimu akamwambia hayo ni ya baadaye, akampa rimoti.

Sasa ilikuwa zamu ya salamu. Hyasinti alikuwa ameanza kusogea nyuma ya ndege, lakini Osmundi akamshika bega. "Haraka, ndugu zangu. Nawaombeni, haraka." Methali ya haraka mnaijua, na Osmundi aliijua pia, lakini methali haijawahi kuzuia damu. Salamu ikaachwa. Gaudensi akairusha ndege kwa mkono.

Ikapaa. Kisha Hyasinti akaigeuza kulia, ikaenda kushoto. Akaisukuma zaidi kulia, ikalala zaidi kushoto, bawa likaukaribia mto. Kwa ile pupa, Gaudensi alikuwa amezipishanisha nyaya mbili, wa kushoto akauweka kulia, wa kulia kushoto. Salamu ingeonyesha kosa hilo mara moja.

Mtu mwingine angeipoteza ndege palepale. Hyasinti ni kinyozi. Kutwa nzima anamnyoa mtu akimtazama kwenye kioo, ambako kushoto ni kulia na kulia ni kushoto, na wembe hauna msamaha. Akajiambia kuwa hiki nacho ni kioo. Akaiachisha mikono yake mazoea ya rimoti, akaipa mazoea ya dukani, na Mbayuwayu ikanyanyuka juu ya maji, ikavuka ikiyumba, ikaifuata ile shuka nyekundu, ikajipiga kwenye migomba. Ikavunjika vipande visivyounganika tena. Kopo likabaki zima.

Osmundi alikaa chini kwenye matope na simu mkononi. Ilipita muda ambao hajui hata leo ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha Dada Kolumba akapiga, akasema damu imekata, Daria ameomba uji. Osmundi akalia mbele ya watu, akawashika mikono wale watatu mmoja baada ya mwingine, asijue aanze kumshukuru nani. Na hilo la kuanza na nani ndilo likaja kumkaba.

Maji yalipungua, watu wakatandika magogo, Osmundi akavuka. Akamkuta Daria mweupe wa midomo lakini anacheka, na mtoto kifuani. Siku kitovu cha mtoto kilipodondoka, ilikuwa siku ya kumpa jina. Kwao, jina huchukuliwa kwa mtu aliye hai, naye huitwa somo. Baba humbeba mtoto, humlaza mapajani mwa mtu huyo, na tangu hapo mtu huyo ana mtoto. Atamshauri, atamwoza, na akifa mtoto huyo ndiye atakayeita jina lake nyumbani. Osmundi akawaalika wote watatu. Alichinja jogoo, akapika na wali, kwa sababu asante ya punda ni mateke na yeye hakutaka kuwa punda.

Wakala, wakanawa. Daria akamwambia mumewe ataje.

"Mimi nilikuwa nimelala," alisema. "Nilisikia kitu kinavuma juu ya bati, kisha nikasikia sindano. Mvumo hauniambii ni wa nani. Wewe uliona."

Hyasinti hakungoja. Alisema dawa haikuvuka kwa gundi wala kwa mianzi, ilivuka kwa vidole vyake. "Ndege iliyogeuzwa kushoto kulia, nitajieni mwingine hapa Litowela ambaye angeivusha. Mtoto wa kike si tatizo. Aitwe Hyasinta."

Gaudensi alikuwa ametazama sakafu tangu aingie. Sasa aliinua kichwa, na ninyi mliomzoea mtashangaa alivyosema mengi. "Nyaya nilizipishanisha, sikatai. Lakini mimi niliitwa kwenye mzoga, na aliyeiua ile ndege ni wewe, siku ya harusi. Ingekuwa nzima, dawa ingefika nusu saa mapema. Nikaurudishia mzoga uhai. Nisingefanya hivyo, ungerusha nini? Rimoti?"

 Hyasinti akamgeukia Mwalimu, akasema kwa upole kwamba na yeye alikuwa na robo saa yake.

"Robo saa, kweli," alijibu Mwalimu Eusebia. "Naihesabu kila siku tangu hapo. Nilikuwa na kinyongo, na kinyongo changu kingemuua binti wa watu." Akamtazama kinyozi. "Lakini niseme na la pili. Wewe Hyasinti una watoto wanne. Gaudensi ana watatu. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya mianzi, na nilipoikata miguu nilijua sitaiona tena nzima. Nikiambiwa nikate tena leo, nitakata. Sikuja kudai. Ila mkiniuliza kama ninataka mtu wa kubaki na jina langu, ninataka."

 Jirani mmoja, mpenda amani, akasema kidole kimoja hakivunji chawa, mtoto apewe majina yote matatu. Mama mkwe akamjibu kuwa chawa ameshavunjwa, sasa anatafutwa somo. "Mtoto wa masomo watatu hana somo. Kila mmoja atadhani mwenzake amempelekea uji."

Osmundi akasimama. Alisema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Salamu niliizuia mimi. Nyaya zingeonekana pale pale. Msigombane kwa kosa langu. Na mnajua nilivyokuwa ninawacheka. Mke wangu yupo, mtoto wangu yupo, na kila nikiwatazama ninawaona ninyi watatu."

Akamchukua mtoto mikononi mwa Daria. Mtoto alikuwa macho. Mbele yake walikaa watatu kwenye mkeka mmoja, wamenyoosha miguu, mapaja tayari: aliyeunda akaikata kazi yake kwa mkono wake, lakini akachelewesha kwa kinyongo, aliyeunga kilichokufa, lakini akapishanisha nyaya, aliyevusha kisichovushika, lakini ndiye aliyekivunja. Osmundi akapiga hatua moja, akainama na mtoto wake.

Mimi naishia hapo alipoinama. Ninyi mliokaa hapa, ambao damu ile haikuwa ya wake zenu wala robo saa ile haikuwa yenu, mwambieni: amlaze mtoto mapajani mwa nani?