Fisi Alipokuwa Mlinzi wa Mto

Hapo kale, wanyama walipopenda mikutano kuliko kazi, ukame uliukausha mto mzima, likabaki dimbwi moja lenye kina. Ukingoni mwake, katikati ya mizizi ya mikuyu, aliishi Kinyamadege, mnyama mwenye mdomo wa bata na mkia mpana, ambaye jamaa zake hutaga mayai na bado hunyonyesha watoto. Mkewe alikuwa shimoni akiatamia mayai mawili.

Kwa bahati njema, Fisi alijitolea kuwa Mlinzi wa Mto. Alikuwa na huruma nyingi, hasa kwa kamba wanono waliojaa dimbwini.

"Bwana Mkubwa," alimwambia Simba barazani, "maji yanahitaji uzio. Niruhusu nikate mikuyu nipate nguzo."

"Mikuyu ndiyo inayoshika ukingo," alisema Kinyamadege. "Na huo si uzio, ni mtego. Mimi navuta hewa kama ninyi. Nikinaswa chini ya maji nakufa. Mke wangu naye yumo shimoni na mayai."

"Kwani wewe ni nani hasa?" Fisi aliuliza. "Una mdomo wa ndege. Makao ya ndege ni mtini."

"Mti upi, na wewe unaikata yote?" aliuliza Sungura.

Simba hakuwahi kumwona kiumbe huyo, lakini tangu lini mfalme akakiri kutojua jambo? "Namfahamu siku nyingi," alinguruma. "Ni ndege. Ahame. Fisi, kata!"

Fisi alikata mikuyu yote ya upande ule hadi mizizi, akazamisha uzio wake majini, kisha akaandaa sherehe hapo hapo ukingoni.

"Kazi hii nimeifanya peke yangu, bila msaada wa yeyote!" alihutubia. "Bwana Mkubwa, karibu unywe wa kwanza."

Simba akasogea kwa madaha. Udongo ukatitia, ukingo ukaporomoka, naye akatumbukia majini. Alipoibuka, kichwa chake kilikuwa ndani ya mgono, ule mtego wa kusukwa, na kamba wanarukaruka kwenye manyoya ya shingo yake.

"Huu ndio uzio?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Fisi akageuka kutafuta wa kumsingizia. "Usijisumbue," Sungura alimwambia. "Umeshajitaja mwenyewe."

Wakati huo Kinyamadege alikuwa akifukua tope kwa makucha, akimwita mkewe. Mke akatoka, yai moja amelibana kati ya mkia na tumbo. La pili lilikuwa limepasuka. Wakaogelea pamoja hadi ng'ambo, mahali palipobaki mizizi, wakaanza kuchimba upya.

Simba alitangaza kwamba siku zote alikuwa akipinga ukataji miti. Fisi akahukumiwa kupanda miche ukingo mzima na kuimwagilia kwa maji anayoyabeba mdomoni, Sungura akiwa msimamizi. Mpaka leo Fisi huchota, hutembea hatua tatu, koo linamcheza kwa hamu ya kumeza, na Sungura humpigia kelele, "Tema!"