Hodi ya Tembo Mtoni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba na majiko yao, mvua iligoma mwaka wa kwanza, ikagoma wa pili, na mwaka wa tatu hata mto ukakauka, ukabaki mchanga mtupu.

Mama Pimbi, mdogo wa kuingia kapuni, alibakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama.

"Mama, zipike basi!" wanawe walilia.

"Nikizipika, tutapanda nini?" alijibu, na moyo ulimuuma kwelikweli.

Akateremka mtoni, akafukua mchanga mpaka kwapani. Lo! Chini ulikuwa baridi. Maji yapo! Lakini kila alipochimba, mchanga ulimporomokea, porororo! Akamkimbilia Tembo.

"Mjomba, tuchimbie kisima."

"Mimi? Nichimbe kama fuko? Toka hapa!"

Kesho yake asubuhi Pimbi akarudi, kichwa chini.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kukupa pole tu. Kuna mtu amehamia chini ya mto. Nimepiga hodi, nikasema natoka kwako. Hata kuitika, hakuitika!"

"Jina langu amelisikia?"

"Nimelitaja mara mbili, mjomba."

Weee! Tembo alishuka mtoni, ardhi inatetemeka. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya.

Mnajua, wanangu, hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni mwenye adabu hurudi kwao. Tembo na adabu wapi na wapi!

"Leo utanifungulia!" Akachimba kwa pembe, akachimba kwa miguu, mchanga unaruka vuu! vuu! mpaka akazama mabegani. Pimbi alikaa ukingoni na kibuyu chake kifuani, hata kupumua anaogopa.

Mara, chini kabisa: bwi... bwi... bwibwibwi!

Maji! Yalipanda polepole na tope lake, yakatulia, na mbingu nzima ikaonekana ndani yake. Tembo alisahau hasira. Pimbi alitokwa na machozi. Tangu azaliwe hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile.

"Pimbi," Tembo alinong'ona, "huyo mtu yuko wapi?"

"Ndiye huyo, mjomba. Ameitika. Anasema karibu."

Tembo akamtazama Pimbi, akayatazama maji, akaelewa. Akapiga magoti.

"Umeniweza, mpwa wangu," alisema. "Kawaite watoto waje wanywe. Na mbegu za hicho kibuyu usizipike, kazipande."

Basi wanangu, mwenye majivuno ukimwomba kazi atakataa. Mchokoze kidogo, ataimaliza kabla jua halijawa kali.