Ngumi Isiyokula Ujira

Hapo zamani, katika nchi iliyoitwa Mambwera, palikuwa na Sultani jina lake Badru, mtu mwema kwa mambo mengi, ila zikitajwa ngumi akili humruka. Wafalme wengine hupenda farasi, wengine hupenda mashairi. Yeye alipenda kuwaona watu wazima wakitwangana makonde. Basi kila mwaka, mtama ukishavunwa, wapiganaji wa nchi nzima hukusanyika katika uwanja wa mbele ya jumba lake, na siku hiyo hakulimwi, hausukwi mkeka, wala sokoni hapauzwi kitu.

Desturi ya ngumi zile ilikuwa hivi. Mpiganaji hufungwa vitambaa mikononi, kisha huchovya ngumi zote mbili katika sinia la unga wa mtama, na kila konde linapotua mwilini mwa mwenziwe huacha alama nyeupe. Mwamuzi huhesabu alama. Aliyepakwa unga mwingi ndiye aliyeshindwa, na aliyeanguka asiinuke hana haja ya kuhesabiwa. Bingwa hupewa nishani ya dhahabu, na aliyeshindwa naye katika pambano la mwisho hupewa ya fedha. Wale wawili walioshindwa hatua moja kabla ya hapo hupewa ya shaba kila mmoja, bila ya kupigana tena, kwani marehemu baba yake Sultani alisema kuwa mtu aliyefika hapo amekwisha kuumia vya kutosha.

Tena zilikuwa ngumi za ridhaa. Sheria ilisema mpiganaji asiwe amepata kula ujira kwa ngumi yake, hata mara moja, hata yai bichi, na kila mmoja huapishwa hivyo na kadhi kabla ya kuingia ulingoni. Lakini kadhi alikuwa akiisoma sheria ile mbio mbio, kama mtu aliyeanika nguo akaona wingu, na wapiganaji huitikia "naam" macho yao yakiwa kwenye sinia la unga.

Ikawa kwa muda wa miaka saba, nishani zote nne huchukuliwa na askari wa lango la Sultani. Mkubwa wao aliitwa Gunda, jitu la kifua kipana na shingo isiyoonekana ilipoanzia. Watu wa mijini waliokuja kupambana nao walirudishwa makwao juu ya vitanda, na wake zao wakaapa kuwa hawawaruhusu tena. Na kila mwaka, siku saba kabla ya mashindano, Mwalimu Zahoro, mnajimu wa jumba, hutandika ramli yake mbele ya baraza, hufumba macho, hutetemeka kidogo, kisha hutaja majina ya askari wanne. Ikisha kutimia, Sultani humvika joho la hariri.

Basi mwaka huo Mwalimu Zahoro alipotoka barazani na joho lake la mwaka jana, akapita sokoni alipokuwa ameketi Msabaha. Huyu Msabaha alikuwa mtu hohehahe, kazi yake kutia viraka magunia ya watu, naye mwenyewe amevaa viraka kuliko magunia. Mali yake ilikuwa ulimi. Akamwona mnajimu anavyopita kwa maringo, akawaambia waliokuwapo kuwa ikiwa huko ndiko kutabiri, basi mbuzi wa jirani yake naye ni mnajimu, kwani kila asubuhi hutabiri kuwa atafungwa kamba, na hajakosea hata siku moja. Soko zima likacheka. Maneno hayana miguu lakini hufika; kabla ya adhuhuri Msabaha alikuwa amesimamishwa mbele ya Sultani.

Sultani akamwuliza kama ni kweli ameyasema hayo. Msabaha akajibu kuwa ni kweli, ila habari ya mbuzi alikuwa ameitia chumvi kidogo.

"Vema," akasema Sultani. "Wewe unaona kuwataja askari wangu si kutabiri. Nami nakukubalia. Basi siku ya mashindano, asubuhi, mbele ya watu wote, utanitajia wanne watakaovaa nishani, na katika hao asiwemo askari wangu hata mmoja. Wote wanne wakipata, nitakuvika joho. Akikosa hata mmoja, utachovya ngumi zako katika unga, nawe utasimama na Gunda mpaka yeye mwenyewe aseme basi."

Gunda, aliyekuwa nyuma ya kiti cha enzi, akatabasamu. Msabaha akajitazama mbavu zake, ambazo hata kwa mbali mtu aliweza kuzihesabu, akainama, akasema kusikia ni kutii.

Aliporudi nyumbani akamsimulia mkewe, Bi Sitara. Yule mama akasema, "Mume wangu, ulimi wako huu ungekuwa mguu, ungekwisha kukufikisha Maka." Akaenda akachemsha majani ya mwarobaini, akaanza kumkanda mbavu mapema, maana alisema ni afadhali dawa itangulie maradhi. Wala hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akikanda huku machozi yanamtoka, na Msabaha alipoyaona machozi yale ndipo alipoogopa kweli kweli.

Kesho yake akaenda kwa karani wa mashindano kuuliza waliojiandikisha. Karani akamwonyesha majina manane tu. Wanne walikuwa Gunda na wenzake watatu wa langoni. Wanne waliobaki walikuwa Kitwana mchukuzi wa maji, Songoro mponda chokaa, Shomari mkamua ufuta, na Mzee Sarboko kinyozi. Huyo Mzee Sarboko hakuwa mpiganaji wa kitu. Alijiandikisha kila mwaka kwa kuwa alipenda kusikia jina lake likitangazwa na mpiga mbiu, na kila mwaka aliangushwa na konde la kwanza, akainuka kesho yake akanyoa watu kama kawaida.

Msabaha akaona dunia imemfinya. Akasema moyoni ngoja niende nikawatazame hao askari wakifanya mazoezi, huenda mmoja anachechemea. Akaenda langoni, akachungulia. Gunda akamwuliza anachungulia nini, na kabla Msabaha hajajibu, akapigwa konde moja la mdomo, akaketi chini mwenyewe bila ya kukaribishwa, na jino moja likamtoka likaingia kiganjani.

Akiwa pale chini, hajui kama ni mchana au ni usiku, akamwona mtunza ghala wa Sultani anakuja na vibarua waliobeba magunia ya mchele na majora ya nguo, kwani ilikuwa siku ya posho ya askari. Gunda akanyoosha ule ule mkono uliompiga Msabaha, ukiwa bado una damu yake, akasema, "Nipimie vizuri. Mkono huu umefanya kazi mwezi huu." Mtunza ghala akampimia, akamwongezea na konzi mbili za mchele juu.

Msabaha akautazama ule mkono, akautazama mchele, akalitazama jino lake. Kisha akaanza kucheka pale pale mavumbini, damu zikimchuruzika kidevuni, hata askari wakadhani konde limemharibu akili. Wakamwonea huruma, wakamwacha aende zake.

Basi siku ikawadia. Watu wakajaa uwanjani, na waliokosa nafasi wakapanda juu ya kuta. Sultani akaketi, kadhi kuumeni kwake, waziri kushotoni, na Mwalimu Zahoro nyuma yao, amefurahi kwani makonde ya askari yataliokoa joho lake. Msabaha akaitwa, akatoka mbele, na Bi Sitara akajifunika uso kwa ukaya. Akayataja majina kwa sauti: Kitwana, Songoro, Shomari, na Mzee Sarboko.

Lilipotajwa jina la nne, uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee Sarboko mwenyewe akasimama akasema kwa uchungu, "Mwanangu Msabaha, mimi nimekunyoa bure tangu Mfungo Mosi, na malipo yake ndiyo kunifanyia dhihaka mbele ya Bwana?" Msabaha akamwomba radhi, akamwambia aketi, apumzishe miguu.

Akaitwa Gunda kuapa, ngumi zake amekwisha kuzichovya katika unga kwa haraka. Kadhi akafungua kinywa aisome sheria mbio kama desturi yake, lakini Msabaha akapiga magoti, akaomba jambo moja: kwa kuwa leo pana mbavu za mtu katika mizani, sheria isomwe taratibu, neno baada ya neno. Sultani akaona si neno zito, akaruhusu. Kadhi akaisoma taratibu, na pengine siku hiyo ndipo alipoisikia yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza, kwani alipofika kwenye lile yai bichi sauti ilimpungua.

Msabaha akasema, "Bwana wangu, Mola akuweke. Niruhusu nimwulize shujaa huyu maswali mawili kabla hajaapa." Akaruhusiwa.

"Bwana Gunda," akasema, "mtu akileta ukaidi pale langoni, wewe humfanya nini?"

"Humpiga," akajibu Gunda.

"Na mwisho wa mwezi hupewa mchele na nguo. Hupewa kwa kazi gani?"

Gunda alikuwa mtu wa haki yake, tena mwenye kujivuna. Akanyanyua ngumi yake juu ili watu wote waione, akasema, "Kwa hii. Ulidhani napewa kwa kuimba?"

Kadhi akafunga kitabu chake pole pole, akasema kuwa hawezi kumwapisha mtu huyu, kwani akimwapisha watakwenda motoni wote wawili.

Waziri akaruka. Akasema kuwa haya ni maneno ya mtia viraka, kwamba askari wanalipwa kwa kulinda lango, wala hakuna aliyewalipa kupiga. Wakipiga, wanapiga kwa hiari yao tu.

Msabaha akamgeukia, akainama mpaka chini. "Nashukuru kusikia hivyo, Bwana Waziri. Basi konde la langoni si amri ya Sultani, ni jambo la mtu na mwenziwe. Na kadhi yupo hapa. Mimi ni wa kwanza kudai jino kwa jino." Akafungua kiganja, akaonyesha jino.

Nyuma yake akainuka mchuuzi wa viazi akafungua mdomo, mlikuwa na pengo. Akainuka mchonga milango, taya limekwenda upande. Wakainuka watu wa ukuta wa kusini wote kwa jumla, halafu wa kaskazini, na kila mmoja ana kitu cha kuonyesha, na wasiokuwa na pengo walionyesha makovu. Wakaanza kujipanga mstari. Mstari ukazunguka uwanja ukatokea mlango wa pili, na Gunda na wenzake, ambao hawakuwahi kumwogopa mtu, walianza kuhesabu midomo.

Sultani akautazama ule mstari. Akawatazama askari wake. Alitambua kuwa akisema wanalipwa kwa ngumi, basi ulingo umewatoka. Na akisema hawalipwi kwa ngumi, basi hatakuwa na askari wa langoni kufikia alasiri. Akamtazama Msabaha aliyesimama na jino lake mkononi, na kicheko kikaanza kumtoka puani, kikashuka kifuani, mpaka kilemba kikalegea, na waziri akalazimika kukishika.

"Wanalipwa," akasema alipopata pumzi. "Wanalipwa kwa ngumi, nami ndiye ninayewalipa. Waondoke ulingoni."

Gunda akabaki amesimama na unga mikononi, hajui aufutie wapi. Hakuwa mtu mbaya, ila hapana aliyempa kazi nyingine. Kadhi akamhurumia, akatoa hukumu kwamba ngumi itakayofunga, isile ujira mwaka mzima, itahesabiwa imetubu, na mwenyewe ataapishwa tena.

Wakabaki wanne, na nishani zilikuwa nne. Hapo ndipo watu walipoelewa, wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Songoro akamshinda Shomari kwa alama sita. Kisha akaitwa Mzee Sarboko, na mpiga mbiu akalitaja jina lake mara mbili, kwa heshima. Mzee akaingia, akaamkia pande zote, akapigwa na Kitwana konde moja, akalala. Alipofumbua macho alikuta nishani ya shaba kifuani pake, akauliza ni ya nani. Alipoambiwa ni yake, akalia kama mtoto, na walioanza kucheka wakaacha. Dhahabu ikaenda kwa Songoro, na fedha kwa Kitwana.

Sultani akamvika Msabaha joho, akamwambia kuwa kuanzia leo yeye ndiye mtabiri wa ngumi, na mwakani atataja tena.

"Mwakani sitaweza, Bwana wangu," akasema Msabaha.

"Kwa nini?"

"Mwakani watu watakuja."

Na ikawa hivyo. Mwaka uliofuata, langoni mikono ilikuwa imetulia, mtu hupita akasema salamu alekumu na akajibiwa. Karani wa mashindano akaandika watu sitini na watatu, na Gunda alikuwamo, amekwisha kutubu, amepungua kidogo. Mwalimu Zahoro alituma salamu kuwa anaumwa tumbo. Sultani akamwita Msabaha karibu na kiti, akamnong'oneza, "Sema basi, nani atachukua?"

"Wallahi sijui, Bwana wangu."

Sultani alitaka kukasirika, lakini ngoma ikalia, wawili wa kwanza wakaingia, nao walikuwa sawa kwa sawa. Akasogea ukingoni mwa kiti. Kufikia adhuhuri amesimama juu ya kiti chenyewe, kilemba hakijulikani kiliko, akimpigia kelele mfinyanzi mmoja wa bara ambaye hata jina lake hakulijua, ainue mkono wa kushoto. Na jioni, sauti ikiwa imemkauka kabisa, alimwambia waziri wake kuwa miaka yote hii ameketi katika uwanja ule, na hii ndiyo siku ya kwanza aliyotazama ngumi.

Hapo ndipo hekaya hii iliponiaga ikashika njia yake. Atakayekutana nayo mbele, anisalimie.