Boriti Saba za Wakfu

Wamesimulia wema waliotutangulia ya kwamba palikuwa na mwanamke mcha Mungu, jina lake Mize binti Haji, aliyefiwa na mumewe akiwa bado ananyonyesha. Alikaa eda yake kwa adabu, na ilipokwisha, shangazi yake alimletea matetea wawili na jogoo. Hiyo ilikuwa ada ya watu wa mji ule, ili mjane aanze maisha akiwa na kitu cha kushika. Mize akamshukuru Mola wake. Alikuwa mwenye haya nyingi, na kwake kuomba kwa watu kulikuwa kuzito kuliko kushinda na njaa.

Siku ya tatu kicheche akamla tetea mmoja. Akabaki tetea mwekundu na jogoo, na Mize akajua kwamba bila banda hatasaliwa na kuku hata mmoja. Fito alikata mwenyewe, makuti akasuka mwenyewe, na kamba za usumba wa nazi akazisokota mtoto akiwa mgongoni. Kilichomshinda ni nguzo. Mzee Vuai, mhudumu wa msikiti, alimwona akihangaika, akamhurumia. Msikiti ulikuwa umeezekwa upya wakati ule, na boriti za paa la zamani zilikuwa zimerundikwa nyuma ya kisima. Akamwambia achukue saba, kwani zimekaa bure zinaliwa na mchwa.

Mize akajenga. Alichimbia nguzo nne, akalaza mbili juu, ya saba akaikata katikati kwa pande fupi, akafunga fito karibu karibu hata mkono wa mtoto usipite. Akanyunyiza majivu chini kuzuia utitiri. Pembeni akafukia gae la mtungi, akalitandika nyasi kavu, na tetea akaingia humo kutaga kama aliyeonyeshwa. Lilikuwa banda zuri, naye hakuona haya kulisifu. Mayai yalipofika kumi na moja tetea akaanza kuatamia, na Mize akawa anahesabu siku, maana kuku hulalia siku ishirini na moja.

Siku ya kumi na saba ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala, Maalim Yunusi, imamu wa mji, alisomesha juu ya wakfu, na Mize alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia la wanawake. Maalim akasema kwamba mali iliyowekwa wakfu haina mwenyewe miongoni mwa waja, hata ukiwa mkeka uliochakaa, hata kikiwa kijiti cha paa lililoezuliwa. Hakuna wa kuigawa kwa huruma yake, hata imamu. Mize alihisi kama ametajwa kwa jina.

Aliporudi nyumbani alisimama mbele ya banda lake bila kuvua hata buibui. Jirani yake, Bi Somoe, alimkuta hapo, akaelezwa yote. Somoe alikuwa mwanamke mwema, mwenye maneno mengi. Alimkumbusha kwamba kuku anayeatamia akisumbuliwa huyasusa mayai, na kwamba nje ya mayai yale yeye Mize hana kitu.

"Shoga, ni siku nne tu," akasema. "Yaache yaanguliwe, ndipo uzirudishe boriti. Mungu hana haraka."

"Mungu hana haraka," Mize akajibu, "lakini mimi sijui kama nina siku nne. Jana nilikuwa sijui, Somoe. Leo najua."

Akaanza kubomoa. Gae hakuligusa. Alikata kamba moja moja, akashusha makuti polepole, akachimbua udongo kwenye nguzo badala ya kuzitikisa. Tetea alitutumua manyoya, akaguna, lakini akatulia. Ilipong'oka nguzo ya mwisho, ile iliyokuwa karibu na gae, akainuka. Akaenda hatua chache, akasimama anayatazama mayai kama ya kuku mwingine.

Mize hakumkimbiza wala hakumwita. Alikaa chini akavuta uradi. Kitambo kirefu kikapita, kisha tetea akarudi mwenyewe, akayakusanya mayai chini ya kifua. Mize akamfunika kwa tenga, akaweka jiwe juu yake, akamwachia Somoe mtoto na kuku, akajitwika boriti.

Angeweza kungoja njia iwe tupu. Lakini aliona kwamba kilichochukuliwa mchana kirudi mchana. Wakamcheka njiani. Mmoja akamuuliza kama anahamia msikitini yeye na kuku wake, mwingine akataka kujua kama jogoo ndiye atakayeadhini. Akaenda na kurudi hata boriti zikaisha.

Maalim Yunusi akatoka, akamuuliza ni nani aliyempa. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Vuai na ufagio mkononi, uso umemshuka. Mize alimwona, akainamisha macho.

"Mkono uliozibeba ni huu wangu, Maalim," akasema. "Zilikuwa saba. Moja niliikata katikati, na vipande vyake vyote viwili hivi hapa."

Mzee Vuai akaweka ufagio chini. "Maalim, ni mimi niliyemwambia achukue," akasema. "Nilitoa sadaka kwa mali isiyo yangu."

Maalim hakuwakemea. Akasema wakfu umerudi, akawaombea dua wote wawili. Wala hakumrudishia Mize hata kipande kimoja, maana hakuwa na haki hiyo.

Kesho yake Mzee Vuai alikuja na nguzo za mfenesi alizozikata shambani mwake mwenyewe, akazilaza uani, akaondoka bila kukaa. Mize hakuchimbia hata moja, asije akamshtua tetea tena. Alihamishia mkeka wake kando ya tenga, akalinda. Siku ya ishirini na moja ikaja, ikapita, gae kimya. Somoe alipita uani mara tatu, kila mara akitikisa kichwa. Siku ya ishirini na mbili, jua likipanda, kikasikika kilio chembamba chini ya tenga. Wakatoka vifaranga tisa. Mayai mawili yalikuwa viza.

Somoe akacheka, akalia, kisha akauliza: "Na kama yangeharibika yote, mwenzangu?"

"Ningekuwa sina vifaranga," Mize akasema. "Na boriti zingekuwa msikitini vile vile."

Hapa ndipo penye funzo, enyi wenye imani. Wengi wetu hurudisha haki tukishapata tulichokitaka, au tukishajua kwamba hatutapungukiwa. Mize alirudisha akiwa hajui. Mola atujaalie ujasiri wa kubomoa kwa mikono yetu tulichokijenga vibaya, hata kama ndani yake kuna kuku anayeatamia.