Nani Aliifungua Bolti ya Mwajabu?

Nina mzigo, nani atanitua?

"Tutakutua sote!"

Mnasema hivyo sasa hivi. Mzigo huu nimeupeleka mahali pengi, na kila mahali watu wamegombana, wakainuka, wakaniacha nao. Mimi mwenyewe jana nilikuwa na jibu, leo sina. Basi tulieni, na yule anayetafuna muwa pale nyuma apumzishe meno kidogo.

Kijijini Kwembago, juu kabisa mlimani, waliishi watu watatu wenye vipaji.

Bi Mwantumu alikuwa na subira. Simaanishi ile ya kwenu ya kusema "nasubiri" huku mguu unagonga sakafu. Huyu aliwahi kukaa kutwa nzima akifumua sweta lililojisokota, asikate uzi hata mmoja.

Mzee Shemboza alikuwa mhunzi wa majembe. Joto la chuma alilijua kwa kutazama rangi yake tu. Akisema bado, ujue bado.

Kidawa aliendesha mashine ya kusaga unga, na mikono yake ilikuwa inasikia. Siku moja aliweka kiganja juu ya mashine, akasema mkanda utakatika keshokutwa. Keshokutwa ukakatika, na watu wakamwogopa kidogo.

Sasa ndiyo tunafika kwa Mwajabu. Alikuwa na mimba ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya kungoja. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Daktari akamwambia Jumamosi awe hospitali ya mjini bila kukosa, na asithubutu kupanda pikipiki. Mumewe, Mntangi, alikuwa na pikapu kuukuu, gari pekee mlimani pale. Siku ya Jumatano pikapu hiyo ikachemka, kwa sababu pampu ya maji ilikuwa inavuja. Pampu nyingine alikuwa nayo ndani, mpya kabisa. Kuitoa ile mbovu ni kufungua bolti nne tu.

Tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imeganda kwa kutu.

Mntangi aliivalisha spana bomba refu ili apate nguvu, akaning'inia mzimamzima. Kichwa cha bolti kikaanza kulika. Bi Mwantumu, jirani yake, akamvuta shati.

"Acha, baba! Ikikatikia humo ndani tumekwisha!"

Kidawa naye alipita akitoka mashineni, akaijaribu huku na huku, akatikisa kichwa. "Hii imelala fofofo," akasema, akaenda zake. Fundi wa mjini alipigiwa simu, akajibu kwamba atapanda Jumatatu. Jumatatu! Mwajabu aliyasikia hayo akiwa ameketi mlangoni, ameshika tumbo. Hofu ikamzidi, akalia mbele za watu.

"Atakayeifungua hiyo bolti," akasema, "yeye ndiye atakayempa mwanangu jina."

Sikilizeni hapa vizuri. Kwembago, neno la mjamzito halirudishwi. Na mtoto hupewa jina siku ya saba, jina moja tu, linanong'onwa sikioni na yule aliyepewa haki hiyo, na hakuna wa kulibadilisha.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwantumu. Alichanganya mafuta ya taa na mafuta ya breki katika kichupa cha dawa ya macho. Kila alipomaliza kuswali alikuja na kichupa chake, akadondosha matone matatu shingoni mwa bolti, akaigonga taratibu kwa nyundo ndogo, akaenda. Alfajiri alikuwepo, isha alikuwepo.

"Bibi, si umimine tu kichupa kizima?" Mntangi akamwuliza, uvumilivu umemwisha.

"Mengi yatamwagika chini, mwanangu. Haya machache yanaingia."

Ijumaa asubuhi wakaweka spana. Bolti haikutikisika.

Wa pili alikuwa Mzee Shemboza. Alitoa betri, akaifunika mipira ya petroli kwa gunia lililoloweshwa, akakoka mkaa wake. Alichoma kipande cha nondo mpaka kikawa na rangi ya papai bivu, akakigandamiza kwenye kichwa cha bolti. Rangi ilipokufa alirudisha nondo motoni, akaanza tena. Mara tisa. Moshi ukapanda.

"Unanichomea mafuta yangu!" Bi Mwantumu akalalamika.

"Nayapeleka ndani, dada. Yalikuwa yamekaa mlangoni."

Wakaweka spana. Bolti haikutikisika.

Wa tatu alikuwa Kidawa. Alifika ameshafunga mashine, unga umemjaa kwenye nyusi. Mbele ya gari palikuwa na mkaa unaowaka, kwa hiyo aliparamia ubavuni, akaiinamia injini kutoka upande wa kioo. Akaishika spana, akafumba macho, akaanza kuivuta polepole.

Sasa, kichwa cha bolti kilitazama mbele, na yeye alikuwa nyuma yake. Kwa hiyo kulia kwake kulikuwa kushoto. Mntangi ndiye aliyegundua.

"Dada Kidawa! Unakaza! Unakaza hiyo!"

Kabla hajamaliza, ikalia: tak! Kutu imevunjika. Kidawa alifumbua macho, akageuza spana, na bolti ikatoka, mwishoni akaimalizia kwa vidole. Watu walipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Jioni ile pampu mpya ikafungwa. Jumamosi Mwajabu alikuwa hospitali, akapasuliwa, akapata binti mzima wa kilo tatu. Hapo ningeweza kumaliza, tukaenda kulala wote tukiwa na furaha. Lakini siku ya saba ilifika.

Wale watatu walikuja asubuhi ileile, kila mtu amevaa vizuri, na kila mtu anashangaa wenzake wamefuata nini.

"Mafuta yangu yalikaa humo siku mbili," alisema Bi Mwantumu. "Kidawa aliijaribu Jumatano bila mafuta. Ilitoka?"

"Na Ijumaa asubuhi ilikuwa na mafuta. Ilitoka?" aliuliza Mzee Shemboza. "Chuma kilifunguka kwa moto."

"Baada ya moto wako mliweka spana, haikutoka," Kidawa akajibu. "Ilipotoka, spana ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Wewe ulikosea! Ulikuwa unakaza!"

"Nilikosea, Mzee wangu, nakubali. Na kama ningepatia, nikavuta kule mlikovuta ninyi, ingekatika."

Mntangi, maskini, akadhani bolti yenyewe itasema. Akaileta, wakaigeuzageuza mwangani. Mafuta yalikuwa yamefika katikati, yakaishia hapo. Alama ya moto, ile rangi ya buluu, nayo ilifika katikati. Na hapohapo katikati palikuwa na mstari uliong'aa, mahali kutu ilipovunjika. Mntangi akairudisha mfukoni, amechanganyikiwa kuliko alivyoitoa.

Akapendekeza mtoto apewe majina matatu. Mwajabu akakataa. "Nilisema atakayeifungua. Sikusema watakaoifungua."

Ndipo akawauliza kila mmoja jina alilonalo moyoni. Afadhali asingeuliza.

Bi Mwantumu alitaka Nasiha. Ndilo jina la binti yake, aliyefia njiani akiteremshwa mlima huohuo kwa machela, mtoto akiwa bado tumboni.

Mzee Shemboza alitaka Mwanahawa, jina la mama yake. Ukoo wao umebaki yeye peke yake, na akifa yeye hakuna atakayejua kwamba mama yule aliwahi kuitwa hivyo.

Na Kidawa je? Akasema anataka Kidawa. "Madaktari wameshaniambia sitazaa," akasema. "Nilitaka tu nisikie mtu analiita jina langu, na anayeitika si mimi."

Mwajabu akalia tena. Safari hii hakuwa na hofu. Alikuwa anawapenda wote watatu, na alikuwa anawaonea huruma, na hakujua kabisa afanye nini.

Mmeona sasa? Mmeshaanza kubishana. Wewe unasema spana, na mwenzio hapo ameshakunja uso. Mimi nikimtazama Bi Mwantumu nasema ni yeye, nikigeuka kidogo tu nasema hapana. Lakini wageni wamefika, pilau imeiva, jua linapanda na mtoto hana jina. Mwajabu amesimama katikati ya ukumbi, amemshika binti yake kwa mikono miwili. Mbele yake wamesimama watatu, na kila mmoja ameinyoosha mikono kumpokea.

Je, ungekuwa wewe, mtoto ungemkabidhi nani?