Nani Alimshika Mtoto Mkono?

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo mnitazame. Nataka niwapeleke sokoni.

Kulikuwa na kijana mmoja ambaye dada yake alishikwa na uchungu mapema kuliko ilivyotazamiwa. Shemeji alikuwa safarini, basi kijana akatumwa akamchukue binti wa dada yake, mtoto wa miaka minne, ampeleke kwa bibi. Shida ni kwamba mjomba huyu alifanya kazi mbali, na mtoto alikuwa amemwona mara mbili tu tangu azaliwe. Akamnunulia biskuti ili wazoeane. Biskuti ikaliwa, kilio kikaendelea palepale.

Na siku zile watu wa mji ule walikuwa roho juu. Zilisikika habari kwamba mtaa wa pili mtoto ameibwa, na kila aliyezisikia aliongeza chake kabla ya kuzipitisha. Ndipo mjomba akakatiza soko la vitunguu, amemshika mtoto mkono, mtoto anavuta kurudi nyuma na kulia, "Namtaka mama!" Jasho likamtoka kijana wa watu. Aliyaona macho kabla hajasikia neno.

Mama mmoja muuza vitumbua akamzibia njia, upawa mkononi.

"We kaka, huyo mtoto wa nani?"

"Wa dada yangu, mama. Mimi mjomba wake."

Mama akamgeukia mtoto. "Eti mwanangu, huyu unamjua?"

Mtoto akatikisa kichwa. Maskini, wala hakusema uongo, alikuwa hamjui kweli.

"Si mnaona!" akadakia mchukuzi mmoja. "Wezi wa watoto wote ni wajomba!"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mjomba akatoa simu ampigie dada yake. Ikaita mpaka ikakata, maana mwenyewe alikuwa leba. Akapiga tena, na kabla haijaita vizuri alikuwa ameshakamatwa ukosi, huyu kamshika mkono wa kulia, yule wa kushoto, simu imedondoka, na watu wanazidi kujaa.

Niwaulize, wapendwa. Ule mkono wa mtoto ulikuwa wapi wakati huo? Mjomba alikuwa ameuachia, kwa sababu yake yote miwili ilikuwa imeshikwa. Je, nani aliudaka? Msinitazame hivyo, jibuni.

Basi nitawajibu mimi. Hakuna aliyeudaka.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyegundua wa kwanza. Akapiga kelele, "Jamani, mtoto! Mtoto yuko wapi? Niacheni nimtafute!"

"Anataka kutukimbia huyo! Mlazeni chini!"

Wakamlaza. Goti la mtu mgongoni, shavu kwenye vumbi, pumzi zinamwishia. Na kwa kuwa shavu lake lilikuwa chini, aliona ambacho waliosimama hawakukiona. Katikati ya miguu ya watu, chini ya lori la vitunguu lililoegeshwa pembeni, nyuma kabisa ya tairi, aliona ndala mbili ndogo. Mtoto alikuwa amezikimbia kelele zile, akaenda kujificha kivulini. Mara lori likanguruma. Utingo akagonga bodi kumwashiria dereva aondoe gari.

"Gari! Yuko chini ya gari!"

Teke likamwingia mbavuni. "Nyamaza, mwizi we!"

Kijana yule alilia, na hakuwa akizililia mbavu zake. Akamtafuta kwa macho yule mama wa vitumbua, akamwambia, "Mama, niueni baadaye. Inama kwanza uangalie."

Sijui ni nini kilimgusa yule mama, lakini aliinama. Akaona. Akatoka mbio huku akipiga ukelele, upawa wake ukagonga kioo cha lori, na dereva akakanyaga breki wakati tairi limeshaanza kuzunguka. Walipomtoa mtoto, amejaa vumbi, alimtazama yule aliyelala chini na damu usoni, akauliza, "Mbona mjomba analia?"

Mjomba! Kila mtu akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli zake. Hata mwenye goti aliondoka.

Sasa asitoke mtu hapa akasema mchungaji amekataza kuuliza. Ulizeni! Ukimwona mtoto analia mkononi mwa mtu mzima, msimamishe umuulize, hata kama ni mzee wa kanisa, hata kama ni mimi. Wezi wapo, na wanaowaharibu watoto wapo, wengine wanakula mezani kwetu. Yule mama hakukosea kuuliza. Kilichoharibika kilikuja baada ya swali. Kama kweli shida yetu ingekuwa mtoto, angepakatwa na mtu pale, anakula kitumbua, nasi tukisubiri simu ipokelewe. Mjomba angekasirika, angepewa maji, yangekwisha. Lakini sisi tunampenda mtoto mpaka pale tunapompata wa kumpiga, na tukishampata, mtoto tunamsahau. Hilo linaniumiza, ndugu zangu, kwa sababu tunarudi nyumbani tukiamini tumefanya kazi ya Mungu.

Wiki hii ukisikia watu wanapiga yowe la mwizi wa mtoto, nenda. Nenda mbio kabisa. Ila ukifika, usiulize mwizi yuko wapi, maana huyo ameshashikwa na wengi. Uliza mtoto yuko wapi. Na wasipokujibu, inama.