Kura ya Mikia

Hapo zamani za kale, wanangu, Kiboko alikuwa jumbe wa bwawa, akitembea na joho lisilofungika tumboni. Wanyama walikuwa na nyumba zao, meko yao na adabu zao. Adabu kubwa kuliko zote ilikuwa hii: Jumbe akipiga mwayo, wote wainamishe vichwa, kwa sababu kuchungulia kinywa cha mkubwa ni utovu wa heshima.

Jumbe Kiboko aliigeuza adabu hiyo mtego. Akitaka kuongeza ushuru wa maji, aliita mkutano, akauliza, "Mnakubali?" Kisha papo hapo, aaaah! mwayo. Vichwa vyote chini, pu!

"Naona mmekubali," husema. "Asanteni sana."

Basi wanarudi makwao wakinung'unika. Hivyo ndivyo ushuru wa kikapu kimoja cha karanga kwa kila nyumba ulivyokuwa wa viwili.

Sasa alitaka cha tatu. Bi Kindi, mama wa watoto wanne, aliposikia habari hiyo moyo ulimpasuka, paa! Akapanda ghalani kutazama. Karanga zilizobaki zilitosha vikapu vitatu na konzi moja juu. Watoto waishi kwa konzi moja kiangazi kizima? Alikaa akalia kidogo, akapenga kamasi, akajifunga kibwebwe, huyoo kwa Jumbe.

"Hodi!"

"Karibu! Nani huyo? Sauti naisikia, mwenyewe simwoni."

"Niko chini hapa, Jumbe wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta karanga?"

"Nimeleta maneno. Wanakusengenya. Wanasema unawaburuza, eti kuinamisha kichwa si kukubali."

"Waongo! Wananipenda hao!"

"Nami nimewaambia hivyohivyo! Basi waumbue, Jumbe. Kesho tangaza kwamba neno lao ndilo la mwisho. Anayekataa ushuru kupanda, ainue mkia."

Kiboko alicheka mpaka kifungo cha joho cha shingoni kikaruka. "Mkia? Mbele yangu mimi? Nani mwenye ubavu huo?"

"Hata mimi najiuliza," alisema Bi Kindi kwa upole.

Asubuhi yake baragumu likalia, puuu! Wakaja wote. Jumbe akanguruma, "Kuanzia leo na hata milele, ushuru wa bwawa hautapanda msipotaka nyinyi. Neno lenu ndilo la mwisho. Karani Twiga, andika!"

Twiga akaandika.

"Haya, anayekataa ainue mkia!"

Nyati alimtazama Pundamilia, Pundamilia akatazama kwato zake. Hakuna mkia uliotikisika. Kila mmoja alidhani anayeumia ni yeye peke yake.

Bi Kindi akasimama. "Karani, usihesabu bado. Naomba nimshukuru Jumbe wetu."

"Shukuru, mama, shukuru," alisema Kiboko, akijiweka vizuri.

Akaanza. Alishukuru masikio ya Jumbe, la kulia, kisha la kushoto. Alishukuru kidevu cha kwanza, akashukuru cha pili. Akaingia kwa babu yake Jumbe, akatoka, akaingia kwa babu wa babu. Jua lilipanda. Macho ya Kiboko yakaanza kulegea, yakafumba, yakafumbuka, yakafumba tena.

Aaaaaaah! Mwayo!

Vichwa vyote chini, pu! Na mnajua wenyewe, wanangu, mwenye miguu minne akiinama mbele, hupanda nyuma. Mikia ikasimama, chwaa! kuanzia wa Nyati hadi wa Panya.

"Hesabu sasa, Karani!" alipiga kelele Bi Kindi.

Twiga alihesabu. "Yote, Jumbe."

"Yote?"

"Pamoja na wangu. Unisamehe."

"Hiyo ni heshima tu!" alifoka Kiboko. "Wameinama kwa heshima!"

"Aa, Jumbe wangu! Mbona mwaka jana tulipoinama hivihivi ulisema tumekubali?"



Nyati aligeuza shingo, akaona mikia imesimama kila upande. Kumbe! Furaha ikamjaa kifuani. "Mimi wangu siushushi," alisema.

"Wala mimi!" akadakia Pundamilia.

"Wala sisi!" wakaitikia wengine wote, na safari hii vichwa vilikuwa juu.

Kikapu cha tatu kikafia hapohapo. Kiangazi kile watoto wa Bi Kindi walikula wakashiba. Na Jumbe, kila alipotaka kitu, ilimbidi kwanza aeleze cha nini. Alipoomba kikapu kimoja cha kulipa wa kuzoa tope bwawani, akawaonyesha na tope lenyewe, hakuna mkia uliosimama.

Hadithi yangu nimeitua hapa, na funzo lake ni hili: anayekibeba kikapu ndiye wa kuulizwa kama kiongezwe, na jibu lake ndilo la mwisho.